Bastola ya Baba, Goti la Baba Mkwe

Watu wa Schwandegg, kijiji chetu cha milimani Uswisi, walikuwa wakisema kwamba Balz Zopfi ana bastola kumi na moja na mke mmoja, na katika hao kumi na wawili ni mke peke yake aliyewahi kumlipukia bila kutarajia. Balz mwenyewe alikuwa akicheka, kisha anaongeza: "Na ni mke tu ambaye siwezi kumfungua nikaona kilichokwama."

Alikuwa mpole kupita kiasi. Sungura wa Sikukuu alichinjwa na mkewe Madlen, Balz akiwa amejificha nyuma ya nyumba akijifanya anapasua kuni. Ujana wake wote aliumalizia kwenye kiwanda cha kuchapa vitambaa huko bondeni, akichanganya rangi za nguo zilizokwenda Uturuki na Uhindi na hata Afrika, mpaka kiwanda kikafungwa naye akabaki na kucha za buluu zisizotakata. Bastola hazikumvutia kwa sababu zinaua. Zilimvutia kwa sababu ya namna vipande vyake vinavyokaa pamoja. Alikuwa na rivolva ya Bern, iliyobebwa na wapanda farasi wa enzi za babu zetu. Alikuwa na Mauser ndefu, yenye ala ya mbao kama mkoba wa fidla. Nyingine za jeshi la Wafini, za Wabelgiji, za Wacheki, zote zimestaafu, zote zimepakwa mafuta na kulazwa kwenye kabati la chuma ghorofani. Kila moja ilikuwa na siku yake katika mwaka ya kupelekwa kwenye nyumba ya shabaha na kupigwa risasi chache, "isije ikasahau kazi," alivyosema. Kisha inasafishwa, inafungiwa, zamu ya nyingine.

Bonde letu ni jembamba. Wakati wa baridi jua linachungulia juu ya mlima kama mgeni aliyekataa kukaa, halafu linaaga. Mtu akikaa humo miaka mingi, kitu kidogo kinakuwa kikubwa moyoni mwake, kwa sababu hakuna uwazi wa kukipotezea. Nadhani ndiyo maana watu wetu wanakusanya vitu. Wengine kengele za ng'ombe, wengine saa za ukutani, na yupo mama mmoja wa kijiji cha juu mwenye vyungu vya supu visivyo na idadi, na hapiki supu.

Katika bastola zote za Balz, moja ndiyo ilikuwa roho yake. Ilikuwa Parabellum ya jeshi letu, ya baba yake, aliyekuwa mgawa chakula wa kikosi mpakani wakati wa vita kuu ya pili. Mzee yule hakuwahi kumfyatulia mtu. Alihesabu mikate, akalinda jibini, akarudi nyumbani amenenepa. Lakini bastola alikuja nayo, na mwanawe alipoishika mara ya kwanza aliona jambo ambalo hajawahi kulisahau. Bastola hii, ikipigwa, ina kiungo kinachokunjuka juu ya mgongo wake, kinapanda na kushuka kama goti la panzi. Sisi tunakiita goti. Na kila kipande chake, kuanzia mtutu hadi goti hilo, kimegongwa namba moja kiwandani, ili vipande vya bastola moja visichanganyike na vya nyingine. Kwa mkusanyaji, bastola yenye namba zinazolingana ni mtoto halali. Isiyolingana ni ya kusemwa pembeni.

Ya baba yake Balz haikulingana. Goti lake lilikuwa la bastola nyingine, na bastola hiyo nyingine haikuwa mbali. Ilikuwa ya shemeji yake.

Jost Rhyner ni kaka yake Madlen, mkubwa wake. Naye alirithi Parabellum ya baba yake, aliyekuwa koplo wa madaktari wa farasi. Wazee hao wawili, baba wa Balz na baba wa Jost, walinuniana maisha yao yote kwa ajili ya njia ya ng'ombe. Hata watoto wao walipooana, kanisani walikaa kila mmoja upande wake, wakimtazama mchungaji kana kwamba yeye ndiye aliyeiba njia. Wakafa hivyo. Halafu Jumapili moja ya mwezi wa tatu, miaka thelathini iliyopita, mashemeji hao wakaketi jikoni kwa Madlen wakisafisha bastola zao juu ya meza moja, vipande vimetandazwa kwenye magazeti, na upepo wa kusini ukashuka.

Asiyekaa kwetu hajui upepo huo. Ni wa joto, unashuka mlimani kwa kishindo, unakausha mbao, unauma kichwa, unagombanisha watu. Makao makuu ya jimbo letu yaliwahi kuteketea kwa upepo huo. Kwa hiyo ukivuma, moto unakatazwa, na walinzi wa upepo wanapita nyumba kwa nyumba kuangalia majiko. Siku hiyo mlinzi alibisha, Madlen alikuwa na keki ya plamu kwenye jiko la kuni, wanaume wakakimbia kuchota maji, naye Madlen, akihitaji meza, akakomba vipande vyote kwa mkono mmoja na kuvitia ndani ya bati la keki. Moto ulizimwa, keki ikabaki mbichi katikati. Mashemeji wakarudi, wakachukua vipande kutoka kwenye bati, wakaunganisha bastola zao huku wakizungumzia upepo.

Ni wakati wa kiangazi Balz alipovaa miwani mipya na kusoma namba.

Ungedhani ni jambo la kumaliza kwa dakika chache. Lakini katika kiangazi hichohicho Jost, ambaye hadi hapo alikuwa mpigaji wa kawaida tu, alianza kupata shada. Shada kwetu si la maua. Ni beji ndogo ya chuma anayopewa mpigaji aliyefikia alama zilizowekwa, na mtu akiwa nazo nyingi anazipanga kwenye kitambaa chekundu na kukitundika sebuleni mahali ambapo wengine wanaweka picha ya harusi. Kila mashindano ya vuli Jost alirudi na shada. Balz, mwenye goti la baba wa Jost, alirudi na bastola iliyokwama. Ilikuwa ikipiga mbili, ya tatu inagoma, goti limesimama nusu kama mtu aliyesahau kwa nini ameinuka kitini.

"Goti lako ni baya," alisema Balz.

"Kwangu halikuwahi kuwa baya," alijibu Jost. "Labda halipendi nyumba lilikoolewa."

"Basi lirudi kwao."

"Talaka hiyo sitoi, shemeji. La kwako limenizoea."

Ikawa hivyo miaka thelathini. Mkewe Jost alipofariki, naye akahamia chumba kidogo juu ya kiwanda cha zamani cha maziwa, aliomba bastola yake itunzwe kwenye kabati la Balz, maana lile la chuma lilikuwa imara na chumba chake hakina kufuli la maana. Balz akakubali. Tangu siku hiyo bastola mbili zililala rafu moja, bega kwa bega, kila moja na goti la mwenzake, na ufunguo alikuwa nao Balz, ameuweka kwenye kopo la sukari. Hakugusa. Tulimwuliza mara nyingi: kwa nini usibadilishe tu, Jost hataona? Alituangalia kama watu tuliomshauri aibe sadaka.

"Goti la baba yangu nataka nipewe," alisema. "Sitaki kulichukua."

Hilo ndilo alilolitaka Balz duniani, na kila mtu kijijini alilijua, hata mchungaji. Na kila Jumapili, Jost akija kula kwao, lilikaa mezani kabla ya chumvi.

"Shemeji, nisogezee viazi."

"Nisogezee goti kwanza."

"Goti limepumzika. Jana limefanya kazi."

"Limefanya kazi kwa mtu baki."

"Mimi ni mtu baki? Dada, umesikia? Nakula hapa tangu mumeo ana nywele, leo mimi mtu baki."

"Kula, kaka," alisema Madlen. "Viazi vinapoa."

Sasa, mwaka ninaousimulia, mambo mawili yalitokea karibu karibu. La kwanza, mkono wa Jost ulianza kutetemeka. Si sana. Kikombe kilisema kidogo kwenye kisahani, basi. Lakini bastola za zamani kwetu zinapigwa kwa mkono mmoja, kama walivyopiga wenyewe wa zamani, na mkono mmoja unaotetemeka hauna pa kujificha. Jost akatangaza kwamba mashindano ya vuli hii ndiyo ya mwisho kwake. Alilisema kwa sauti ya mtu anayeagiza bia.

La pili, Madlen alichoka.

Alichoka siku ya Jumatano, Balz akiwa kwa daktari wa meno. Alikuwa akitia sukari kwenye unga, mkono wake ukagusa ufunguo ndani ya kopo, akasimama nao. Madlen alizaliwa kwenye nyumba yenye bastola moja na kuolewa kwenye nyumba yenye nyingine. Utotoni ndiye aliyemsaidia baba yake kusafisha, kwa kuwa Jost alikuwa akitoroka. Alipanda ghorofani na aproni yake yenye unga, akatoa bastola mbili, akahakikisha hazina kitu, akazifungua, akachomoa magoti, akasoma namba, akarudisha kila goti kwa baba yake. Alifuta unga. Akafunga. Keki ilikuwa bado haijaumuka.

Hakumwambia mtu. Alikusudia kuona itawachukua muda gani kugundua, hao wawili wanaojidai kusoma namba gizani. Kama hawatagundua mpaka siku ya mashindano, atawaambia mezani, mbele ya watu, keki ikiwa imekatwa. Aliona ni haki yake.

Jumamosi walikwenda mazoezini. Jost, mkono wake ukitetemeka, alipiga vizuri kuliko alivyopiga mwaka mzima. Aliweka bastola chini, akaibusu mgongoni.

"Unaona, shemeji? Goti la baba yako. Mzee alikuwa bahili wa mikate, lakini goti lake linagawa."

Bastola ya Balz ilikuwa imegoma kwenye risasi ya tatu. Akaondoa risasi, akajaribu tena, ikagoma tena. Alilitazama goti lililosimama nusu.

"Na la baba yako," alisema, "ni kama yeye. Linanuna."

Madlen alikuwa amekaa nyuma yao kwenye benchi, anafuma soksi. Alihesabu vifundo vyake kwa sauti, na tulishangaa kuona machozi yanamtiririka, tukadhani ni upepo.

Jumapili ya mashindano ilikuja na anga la buluu kali na joto lisilo la vuli. Mlima ulionekana karibu kiasi cha kuguswa, dalili ya upepo wa kusini. Nyumba yetu ya shabaha ni ya mbao, iko ukingoni mwa malisho, na mbele yake ni ukuta wa mchanga chini ya jabali. Ng'ombe walikuwa wamehamishwa. Soseji nyeupe zilikuwa zinachemka kwenye umeme, kwa kuwa moto umekatazwa. Wavutaji wa biri walizishika mdomoni bila kuziwasha, wanyonge.

Mkaguzi wetu wa miaka yote, mzee aliyekuwa akikagua bastola kwa kuzinusa kisha akiuliza kahawa yenye pombe iko wapi, alikuwa amestaafu. Mahali pake chama cha jimbo kilimleta Nadja Landolt, mwalimu wa ufundi kutoka kijiji cha chini, mwanamke mfupi mwenye miwani kwenye mnyororo. Alitandaza kitambaa cheupe juu ya meza na kuwasha taa ndogo. Kisha akasoma kanuni kwa sauti, kanuni ambayo sote tuliijua na hakuna aliyewahi kuikuta ikitembea: katika shindano la bastola za zamani, bastola iwe kama ilivyotoka ghala la jeshi, na namba za vipande zilingane.

"Zote?" aliuliza mtu.

"Zote, bwana. Ndiyo maana zimegongwa."

Balz na Jost walitazamana. Balz alikuwa na rangi ya unga. Waliokuwa kwenye foleni mbele yao ni watu sita. Mashemeji walichukua vikasha vya bastola zao, wakatoka kwa mlango wa nyuma, kila mmoja akijifanya anakwenda kujisaidia, wakakutana kwenye banda la kuni.

Yaliyotokea ndani ya banda tuliyapata baadaye kwa Jost, aliyependa kuyasimulia, na kwa Balz, aliyekuwa akimsahihisha.

Lilikuwa na kiza, mwanga wa kupita kwenye nyufa tu. Miwani ya Balz ilikuwa imebaki kwenye benchi. Jost hakuwa na miwani kwa sababu ya maringo. Walikaa juu ya magogo, goti kwa goti, bastola mapajani.

"Basi," alisema Balz. "Tusipobadilisha hatupigi. Wala wewe, wala mimi."

"Najua."

"Na hii ndiyo vuli yako ya mwisho."

"Najua, Balz, mimi ndiye niliyesema."

Jost alifungua bastola yake. Kusukuma pini kulimshinda, vidole vilicheza. Balz alinyoosha mkono kumsaidia, Jost akauondoa.

"Niache. Nilitoe mwenyewe." Pini ikatoka. Akalichomoa goti, akalishika kwenye kiganja, na kiganja kikatulia kidogo, au Balz alidhani kimetulia. "Nilitaka kukupa tangu mwaka ule mke wangu alipofariki," alisema. "Ila nilifikiri, nikishampa, Jumapili nitakuja kula kwa sababu gani?"

"Kwa sababu ya viazi, mjinga wewe."

"Viazi vya dada yangu havina chumvi."

"Hilo hatubishani."

"Chukua, shemeji. La baba yako. Nimekupa."

Balz alilipokea kwa mikono miwili, kama mtu anavyopokea mtoto. Akampa lake. Kila mmoja akaunganisha bastola yake kwa mazoea ya vidole, gizani, haraka, bila kusoma namba, kwa nini wasome, walizijua kwa moyo kwa miaka thelathini. Wakarudi kwenye foleni wameshikana mabega. Tulipowaona hivyo tulijua kuna jambo, maana mashemeji hao walikuwa hawashikani ila kwenye mazishi.

Madlen alikuwa anakata keki upande wa pili. Hakuwaona wakitoka, hakuwaona wakirudi.

Nadja Landolt alipokea bastola ya Balz kwanza. Akaivaa miwani, akaisogeza kwenye taa, akageuza, akasoma.

"Bwana Zopfi, goti hili si la bastola hii."

"Ni lake," alisema Balz kwa utulivu wa mtu aliyeoga. "Sasa ni lake."

"Namba zinasema si lake." Akachukua ya Jost. Akasoma. Akasoma tena ya kwanza. "Na hili ni la ile. Mabwana, mmechanganya."

"Haiwezekani," alisema Jost. "Tumechanganua sasa hivi."

"Wapi?"

"Kwenye banda la kuni," alisema Jost.

Balz alikwenda kuchukua miwani yake kwenye benchi. Alirudi polepole, akasoma. Nilikuwa nimesimama karibu naye nikaona uso wake ukipita hatua kadhaa, kama bonde wingu linapopita: kwanza hakuelewa, kisha akaelewa vibaya, akamgeukia Jost.

"Ulikuwa umeshabadilisha."

"Mimi? Na mkono huu? Hata kitufe cha shati nafungiwa na jirani. Ni wewe, ufunguo unao wewe."

"Naapa kwa kaburi la baba."

"Usimwingize baba yako, keshaumia vya kutosha."

Hapo ndipo kicheko kilipotoka kwenye meza ya keki. Kilianza kama kikohozi. Madlen alikuwa ameshika kisu hewani, amekaa chini, hawezi kusimama.

"Jumatano," alisema alipopata pumzi. "Niliyarudisha Jumatano. Kila goti kwa baba yake. Na ninyi, wataalamu, mmeingia bandani mkayaharibu."

Habari ilipita nyumba ya shabaha nzima, benchi kwa benchi, hadi kwa wanaochemsha soseji. Halafu mtu mmoja, nadhani ni mwenye duka la mikate, akafikiri mbele zaidi.

"Ngojeni. Kama ni Jumatano, basi Jumamosi Jost alipiga na goti lake mwenyewe."

Jost aliitazama bastola yake juu ya kitambaa.

"Na Balz," aliendelea mwenye mikate, bila huruma, "alilitukana goti la baba yake siku nzima."

Balz alikaa chini kwenye kiti cha mkaguzi. Hakuombwa, hakuzuiwa.

Nadja Landolt alitazama saa. Kwetu milio inakoma kengele za kanisa zikilia, na kengele haimsubiri mtu. "Mna muda kidogo," alisema. "Badilisheni hapa. Kwenye mwanga. Na miwani."

Wakabadilisha hapo, juu ya kitambaa cheupe, kijiji kizima kimewainamia.

"Jost, shika lako, usije ukachukua la mchungaji."

"Madlen, leta bati la keki waone lilivyo."

"Mwalimu, wape alama za mwandiko pia."

Pini ya Jost ilikataa tena, na safari hii alimwachia Balz aisukume.

Jost alipiga kwanza. Risasi tano za mwanzo zilikaa vizuri, karibu karibu, na tukaanza kuona shada. Kisha mkono ukachoka. Ya nane ilikwenda pembeni, ya tisa chini, na ya mwisho ikaingia kwenye mchanga bila kugusa karatasi, vumbi dogo likaruka na kupeperushwa na upepo. Alisimama akilitazama vumbi hilo mpaka likaisha. Akafungua bastola kuonyesha iko tupu, akailaza.

"Haya," alisema. "Si goti lako, si goti langu. Ilikuwa mimi." Kisha, baada ya kufikiri: "Miaka thelathini, shemeji, nilikuwa napiga vizuri tu, na sikujua."

Ikawa zamu ya Balz. Bastola ya baba yake, na goti la baba yake, namba zote zinalingana, taa ya mkaguzi imeshuhudia. Akainua mkono. Moja. Mbili. Ya tatu ikagoma.

Hakuna aliyecheka. Goti lilisimama nusu, kama siku zote, na Balz alilitazama kama mtu anayemtazama mzazi wake akikosea mbele ya wageni. Kanuni inaruhusu kuondoa kilichokwama na kuendelea. Alipoinama kufanya hivyo, Jost alimnyooshea kitu kutoka nyuma. Ilikuwa magazini yake, kile kisanduku chembamba kinachobeba risasi na kuingia kwenye mpini.

"Jaribu hii."

"Tatizo ni goti."

"Tatizo si goti. Tumeshaona si goti. Jaribu, kengele inakuja."

Balz akahamisha risasi, akaisukuma magazini ya Jost ndani. Bastola ikapiga. Ikapiga tena. Goti likapanda na kushuka, likapanda na kushuka, laini, panzi wa malisho ya kiangazi, na maganda yakaruka juu yakimeta. Alipomaliza, mlio wa mwisho ulirudi kutoka kwenye jabali, na kabla haujaisha kengele za kanisa zikaanza.

Alipata shada. Alama zilitosha bila kubaki. La kwanza maishani mwake, akiwa na miaka sabini na minne. Nadja Landolt alimbandikia kifuani, naye akauliza kama angeweza kulibandika kwenye ala ya bastola badala ya koti. Aliambiwa kanuni haisemi kitu.

Baadaye, soseji zimekwisha na keki imeletwa, nilimwuliza Balz ni lini hasa alilipata goti la baba yake: Jumatano, alipolirudisha Madlen, au pale mezani chini ya taa.

"Bandani," alisema.

"Lakini bandani ulipewa goti lisilo lako."

"Nilipewa," alisema Balz, akaendelea kula.

Jost alikuwa upande wa pili wa meza, ameiweka magazini mbele yake karibu na uma, anaigeuzageuza kwa vidole vinavyocheza.

"Nimekuwa nikiifikiria," alisema. "Siku ile ya upepo, ndani ya bati la keki, zilikuwa magazini mbili pia."

Balz aliacha kutafuna.

"Mbovu ilikuwa ya kwako," alisema Jost. "Hii nzuri ni ya baba yangu. Nimekuazima tu, utanirudishia."

"Unajuaje ni ya baba yako?"

"Naijua."

"Onyesha namba yake."

Jost aliigeuza magazini upande huu, akaigeuza upande ule. Akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Magazini, kwa kuwa zinaingia na kutoka, hazikugongwa namba. Hazijawahi kugongwa.

"Basi," alisema Balz, na uso wake ukakunjuka kwa raha ambayo sikuwa nimeiona hata alipopata shada, "huenda miaka thelathini umekuwa ukipiga na magazini ya baba yangu."

"Ya baba yako? Mgawa mikate angekuwa na magazini nzuri hivi?"

"Nisogezee hapa niitazame."

"Nisogezee krimu kwanza."

Madlen alichukua sahani yake na kipande chake cha keki, akahamia meza yetu.